Pumzi Zilizotupwa Pipani

Asubuhi ile nilitoka kwa binamu yangu, mjini Richfield, nikiwa na kofia ya sufu, tiketi ya basi na nusu ya mkate. Sikuwa na safari. Shemeji alikuwa ameanza kunyanyua mito ya kochi kila nilipoinuka, akiikung'uta kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea, na mimi si mtu wa kungoja kuambiwa kwamba kilichompotea ni kochi lenyewe. Nikapanda basi la kwanza lililosimama. Nilipochoka kukaa nikateremka, kusini mwa Minneapolis, mbele ya duka la fundi baiskeli. Ghorofani, juu ya duka, dirisha lilikuwa wazi, na huo ulikuwa mwezi wa pili, baridi ya kupasua midomo. Dirishani alisimama mwanamume mtu mzima, amevaa suti na tai, ameshika ungo, anapepeta mchele.

Nilisimama chini nikamtazama. Mtu mwenye akili timamu hapiti chini ya jambo kama hilo bila kuuliza. Ule ungo ndio ulionifanya nibahatishe Kiswahili.

"Shikamoo mzee!" nilipaza sauti.

"Marahaba! Nyamaza, narekodi!"

Nilinyamaza. Mchele ukaendelea kusema shaa, shaa, kisha ukakoma. Akachungulia.

"Umeiharibu mvua yangu," alisema. "Panda juu. Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mtangazaji. Nilipanda ngazi kwenda kutengeneza mvua, nikakaa miaka miwili. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nimeacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sikuwahi kumaliza miezi sita mahali pamoja.

Dirisha, nilikuja kujua, halikuwa sehemu ya mvua. Mabomba ya joto ya jengo lile yalikuwa ya kizamani, yakiwaka yamewaka, na chumba kiligeuka tanuri. Mtu mwingine angevua koti. Mtangazaji aliona afadhali afungue dirisha, kipupwe kiingie, abaki na suti yake. Nilimuuliza mara moja kwa nini avae tai na hali redioni haonekani.

"Sauti ya mtu asiye na tai inalegea," alinijibu. "Msikilizaji anasikia kabisa kwamba kifungo cha juu kiko wazi."

Alikuwa na kipindi cha saa moja, Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye kituo kidogo cha redio cha watu wa kujitolea, mle mle ghorofani. Kabla yake kulikuwa na kipindi cha polka, ngoma za kinanda za wazee wa Kizungu, na baada yake kipindi cha wakulima wa bustani, na yeye katikati, Kiswahili kitupu. Waliomsikiliza walikuwa wanafunzi wa vyuo, wauguzi wa Kikenya waliokuwa wakitoka zamu, familia za Kikongo, na Watanzania wachache waliompigia simu kumsahihisha. Kabla ya kwenda hewani alichana nywele, ambazo hazikuwa nyingi, kisha akasukutua koo kwa maji ya tangawizi kwa mngurumo ambao ulimfanya fundi wa kituo, siku zake za kwanza, aende kukagua bomba la choo. Mwisho aliinamisha kichwa kidogo mbele ya kipaza sauti, kama anavyofanya mkwe mbele ya mlango.

"Huko kwa mama zenu," ndivyo alivyoanza kila Jumamosi ya kipupwe, "sasa ni saa kumi na mbili jioni. Kuku wanaingia bandani. Sisi ndio kwanza tunatafuta soksi."

Hakusema hivyo kwa urembo tu. Kulikuwa na desturi. Watu walirekodi kipindi majumbani mwao, na yeyote aliyekuwa akisafiri kwenda Afrika Mashariki alibebeshwa kaseti, kama anavyobebeshwa barua na viatu. Kwa hiyo Mtangazaji aliwasemesha watu wawili kwa wakati mmoja: muuguzi jikoni kwake, kitongojini Eagan, na mama yake muuguzi, mwezi mmoja baadaye, kwenye redio ya betri.

Sasa niseme ukweli kuhusu mtu huyu aliyetufundisha kusikiliza. Mezani hakumwachia mtu nafasi. Alizungumza tonge likiwa mdomoni, akazungumza likiwa njiani, na ukithubutu kuanza sentensi aliimalizia yeye, tena vibaya. Garini alikuwa hatari zaidi. Alikuwa na gari ambalo mlango wa abiria ulifungwa kwa mkanda wa suruali, na alipoendesha alikutazama wewe usoni, kwa adabu ya mazungumzo, huku magari ya Minnesota, ambayo hayapendi kupiga honi, yakipiga. "Watu wa hapa wana kelele," alisema.

Lakini ukimweka mbele ya mgeni, kipaza sauti katikati, mtu yule aligeuka sikio.

Alikuwa na sheria zake. Swali lisizidi pumzi moja; likizidi ni hotuba, na hotuba zina ukumbi wake. Usimuulize mtu anajisikiaje, kwa sababu atakwambia anajisikia vizuri, na hapo ninyi wawili mtakuwa mmeshaongopa. Muulize amefunguaje mlango leo asubuhi. Na juu ya yote, mpe kazi ya mikono. Kila mgeni aliyeingia studio alikuta bakuli la maharagwe mabichi mezani, yale ya maganda ya kijani, na aliombwa akate ncha huku akizungumza.

"Mikono ikipata kazi," alisema, "mdomo unasahau kujilinda."

Nilimwona mchungaji mmoja wa Kikenya aliyekuja na hotuba imeandikwa kurasa nne, na tai nzuri kuliko ya mwenyeji wake. Alilitazama bakuli kwa dharau. Dakika ya tano alikata la kwanza. Dakika ya kumi zile kurasa zilikuwa chini ya bakuli zimelowa, na mchungaji alikuwa anawaeleza Waswahili wote wa Minneapolis na mji pacha wake jinsi alivyofeli mtihani wa udereva mara tano, na jinsi mara ya sita alivyomwekea mikono mtahini akamwombea.

"Ukapita?" Mtangazaji aliuliza.

"Nilipita. Lakini mtahini alikuwa analia, sijui kama aliona barabara."

Redioni yale maharagwe yalisikika tik, tik, tik. Wasikilizaji wengine walidhani ni saa ya ukutani. Baada ya kipindi Mtangazaji aliyafunga kwenye mfuko akaenda nayo kwake, na wabaya wake walisema alianzisha redio ili apate watu wa kumwandalia mboga. Mimi siwakatalii. Nimeshakula ile mboga.

Ubunifu hakuufundisha kwa maneno. Mtu alipomuuliza ubunifu ni nini, alikohoa. Alikupa kitu kisichowezekana, halafu akaenda kulala. Kipupwe changu cha kwanza aliniambia: "Niletee sauti ya baridi. Nisisikie upepo, na nisisikie mtu akisema neno baridi." Akanipa mashine ya kurekodia, ya utepe wa kuzunguka, nzito, ya kuning'inia begani, ambayo baada ya saa moja ilikufanya utembee upande kama kaa.

Nilirekodi sepetu ikikwaruza barafu. Alisikiliza akasema, "Hiyo ni sepetu." Nilirekodi viatu vyangu juu ya theluji kavu. "Hivyo ni viatu." Nilirekodi meno yangu. Alinitazama tu. Siku ya nne, kwenye uwanja wa magari nyuma ya maghorofa ya Eagan, nilimkuta jirani mmoja Mkongo anajaribu kuwasha gari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari lilikohoa, likanyamaza. Yeye akalisemesha taratibu, "Allez, mama, allez," yaani twende, mama, twende. Likakohoa tena. "Mama, tafazali. Patron atanifukuza kazi." Kimya. Kisha nikamsikia anateremka, anakwenda mbele, anaifunika injini kwa blanketi la mtoto wake. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Mtangazaji alisikiliza mara mbili. Akainuka, akafunga dirisha. Ndiyo mara ya pekee nilipomwona akifunga dirisha lile.

Kama ulivyoona, alikuwa mtu wa kuuliza. Kuulizwa hakuweza. Katika miaka miwili sikujua kama alikuwa na mke, au alizaliwa wapi, au kwa nini aliacha redio kubwa ya nyumbani akaja kuhama kazi mpaka kazi kwenye maghala ya miji hii. Nilimwuliza siku moja, "Mzee, wewe ulianzaje redio?"

"Wewe unadhani mtu huanzaje?"

Nilizungumza nusu saa. Nilipofika kituo cha basi ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimemweleza habari zote za mimi kuacha shule, hata ile ya mwalimu wa hesabu, ambayo sijamweleza mtu mwingine hadi leo.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Alikuwa ameniahidi kwamba siku nitakayoleta mahojiano mazuri, yatakwenda hewani kwa jina langu. Nilimtaka yule ambaye kila mtu alimjua kwa sauti: muuguzi wa Kikenya, Dada wa Zamu tulivyomwita, aliyekuwa akipiga simu kila Jumamosi akitoka kazini kuomba nyimbo. Alikubali, kwa sababu jirani yake alikuwa anasafiri Jumapili ile na angempelekea mama yake kaseti. Nilikwenda jikoni kwake na mashine begani na maharagwe mkononi. Akacheka.

"Wewe na huyo mzee wako mtanipikisha mpaka lini? Nimetoka dabo shifti, bro. Miguu inaniuma vibaya sana."

Alikata maharagwe akazungumza. Alieleza wazee anaowaogesha, mmoja wao aliyekuwa akimwita kwa jina la mke wake marehemu, na jinsi yeye alivyokuwa akiitika. Kisha akasema kwamba kila mwaka humwandikia mama atarudi mwakani, na kila Desemba mama hupaka chumba chake chokaa upya. Miaka sita, chokaa mara sita.

"Na utarudi lini?" nilimuuliza. Pumzi moja, sawa na sheria.

Maharagwe yakakoma. Friji ilinguruma. Nilitaka kusema kitu, nikauma ulimi. Halafu akasema, "Mwakani."

Nilirudi studio nimejaa sifa. Wakati ule tulikata utepe kwa wembe, tukaunganisha vipande kwa gundi ya karatasi. Mtangazaji aliniambia, "Ondoa takataka, niachie dakika kumi," akaenda kazini. Na mimi nilijua takataka ni nini, maana kila wiki nilimsikia akimfokea fundi wa kituo: "Ukimya hewani ni dhambi!" Basi nikakata kila ukimya. Nilikata kwa ufundi. Nikaunganisha neno kwa neno mpaka Dada wa Zamu akawa anatiririka kama msomaji wa habari.

Ijumaa mchana Mtangazaji alikuja akasikiliza. Katikati alizima.

"Huyu dada hapumui?"

"Nimeondoa takataka, mzee."

Kabla hajanijibu simu ikalia. Alikuwa yeye mwenyewe Dada wa Zamu, anapiga kutoka kazini, sauti ya chini. Mtangazaji alimsikiliza, akaniegemezea simu sikioni.

"Ile part ya mwakani," alikuwa anasema, "mmeiacha vile nilisema? Ama mmei-cut? Maana mimi siwezi kumwambia mama siji. Mdomo unakataa. Lakini mama ananijua. Akinisikia vile nilikaa pale, ata-understand. Sitaki apake hiyo chumba tena. Ana miaka sabini, anapanda kwa meza."

Nilisema iko. Sijui kwa nini nilisema iko. Nikakata simu, jasho likinitoka, na safari hii si mabomba.

"Ziko wapi?" Mtangazaji aliuliza.

"Nini?"

"Pumzi zake."

"Kwenye pipa," nilijibu.

"Si ulisema ukimya hewani ni dhambi?" niliongeza, maana mtu anayezama hushika hata wembe.

"Ukimya wangu ndio dhambi," alisema. "Wa mgeni ni mali yake. Umemwibia."

Akavua koti. Nilijua hapo kwamba mambo ni makubwa. Sikuwahi kumwona bila koti. Alilimwaga pipa juu ya meza: maganda ya karanga, vikombe vya karatasi, ncha za maharagwe, na mamia ya vipande vya utepe wa kahawia vilivyojipinda kama kucha. Tulivichambua mchana wote. Vile vifupi tuliviacha. Tulikuwa tunatafuta kimoja tu, kile cha kabla ya "mwakani". Kila kirefu tulikipitisha kwenye mashine tukasikiliza, na hapo ndipo nilipojua kwamba ukimya hautoshani. Kimoja kilikuwa na mlango wa jirani. Kimoja kilikuwa na kiti. Katika kimoja alikuwa anavuta kamasi, na Mtangazaji alikiweka kando, akasema, "Huo ni wa mafua, usiupe maana."

Hatimaye tulikipata, kimekunjamana chini ya kikombe cha kahawa. Maharagwe yanakoma, friji inanguruma, na chini yake mtu anavuta pumzi mara mbili kama anayetaka kuingia maji ya baridi. Tulikifuta kahawa kwa pamba, tukakining'iniza kwenye mwanzi wa mapazia kikauke. Nilisimama kando yake. Ukimya wa Dada wa Zamu ulikuwa sekunde tisa, na kwa mwendo wa mashine yetu utepe wake ulikaribia kimo changu. Mtangazaji alinitazama mimi, akautazama utepe.

"Ulimtupa mtu mzima," alisema.

Tukaurudisha mahali pake. Jumamosi ulikwenda hewani. Fundi wa kituo, aliyezoea kufokewa, alipousikia ule ukimya alirukia swichi ya muziki. Mtangazaji alinyanyua kidole kimoja. Fundi akaganda, mkono hewani. Sekunde tisa kwenye redio ni ndefu kuliko mahubiri. Kisha: "Mwakani." Jina langu lilitajwa mwisho, alilitamka vibaya, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Kaseti ilisafiri Jumapili. Ujumbe ulirudi baada ya wiki saba, mdomoni mwa yule jirani, na Dada wa Zamu alikuja kuueleza studio, anacheka na kujifuta machozi kwa mkono wa sare yake. Mama alisikiliza mara moja, akaomba irudishwe nyuma kidogo, akasikiliza tena. Kisha akasema: "Mwambieni nimemsikia. Chumba nimempa mwalimu mgeni wa shule akae. Siku yeye akija, tutabanana kwangu."

Niliondoka kwenye kiangazi cha mwaka ule. Mtangazaji hakuuliza naenda wapi. Alinipa ile mashine nzito. "Ikikuelemea, irudishe," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Ilinielemea miaka minne. Nilikwenda nayo Fargo, Chicago na miji mingine ambayo nimesahau majina lakini ninazo sauti zake. Niliporudi, kipindi kilikuwa mikononi mwa msichana mwanafunzi, asiyevaa tai, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba mzee amehamia Anoka, mtoni huko juu, mji ambao sikuwahi kuukanyaga. Dereva wa lori la viazi alinishusha darajani. Nilikuwa na begi, na mashine, na sikuwa na mahali pa kufikia.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao. Alifungua mlango amevaa tai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa, chai imepoa." Kana kwamba nilimpigia simu.

Alikuwa amepungua. Koo lilikuwa limeingia mchanga kidogo, na alikuwa hazungumzi sana mezani, jambo lililonitisha kuliko mchanga wenyewe. Bakuli la maharagwe lilikuwa pale pale. Nikaliburuta, nikaliweka mbele yake yeye. Nikafungua mashine, utepe ukaanza kuzunguka.

"Leo nauliza mimi," nilisema.

"Nani amekuzuia?"

"Wewe utarudi lini nyumbani, mzee?"

Alikata ncha moja. Alikata ya pili. Kisha mikono ikatulia. Nilihesabu mpaka tisa, nikapita, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue swali halikunirudia papo hapo. Friji ilinguruma, nje lori lilivuka daraja. Uso wake ulikuwa umegeukia dirisha. Mwishowe alinitazama, akatabasamu kidogo, mzee mwongo yule.

"Na wewe," aliuliza, "umefikia wapi?"

Kumbe lilinirudia, lilichukua tu njia ndefu. Nilifungua mdomo. Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, na majibu yake ninayo mfukoni: nipo kwa binamu, napita tu, kesho naondoka. Hakuna lililotoka. Nilitazama mikono yangu, haikuwa na kazi. Utepe ulizunguka, ukazunguka. Mtangazaji alikuwa amenyanyua kidole kimoja hewani, kama siku ile, akimzuia fundi ambaye hakuwepo.

Halafu akakishusha.

"Hiyo usiikate," alisema.

Akainuka, akafungua mlango wa ngazi za kwenda chini. "Kitanda kiko huko. Shuka ziko kabatini. Bomba la joto lina kelele, utafungua dirisha." Akalisukuma bakuli upande wangu. "Lakini kwanza malizia haya."

Nilikaa nikayakata yote, hadi la mwisho, na mashine nikaiacha ikizunguka mpaka utepe ukaisha wenyewe. Ndipo nilipobeba begi nikashuka.